Karanga za Mama Ndani ya Chupa

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Miche yangu ya karanga chotara imeota na madoa ya njano. Virusi vimepita kwenye mbegu! Nilizichavusha karanga za marehemu mama, zile ndogo nyekundu, na aina ya kisasa inayovumilia ukame. Za mama zilikuwa zimebaki konzi moja tu kwa baba, kule Mvumi. Ugonjwa umezimaliza. Karanga nyingine baba hataki kupanda.

Jumanne, 6 Agosti
Nimekata ncha za machipukizi chini ya darubini. Vipande vidogo kuliko punje ya chumvi — huko virusi huwa havijafika. Nimeviweka kwenye chupa, juu ya chakula kama jeli. Wambura, mwenzangu wa maabara, akauliza mbona sijala mchana. Nikamwambia sina njaa.

Alhamisi, 22 Agosti
Ukungu umeota kwenye chupa. Zimebaki chupa tatu.
Jioni nyumbani, Ipagala, nimeunga mlenda kwa karanga za dukani. Mtamu. Lakini si ule wa mama. Nimeacha nusu sahani.

Jumanne, 29 Oktoba
Vipimo vimetoka. Miche miwili bado ina virusi. Mmoja — safi. Safi kabisa!
Nimempigia baba. Akauliza nauleta lini, shamba keshalisafisha. Nikamweleza: lazima kwanza tuuzalishe humu ndani, huko nje vidukari, wadudu wanaoeneza virusi hivyo, watauambukiza tena mara moja. Akasema sawa. Sidhani kama alinisikia.

Ijumaa, 6 Desemba
Mvua ya kupandia imenyesha. Baba kaja maabara bila taarifa, suruali tope hadi magotini. Nikamwamkia, Wambura akampa kiti. Nikamtolea chupa. Akaigeuzageuza kwenye mwanga.
"Ndiyo ya mama yako?"
"Nusu, baba."
"Nusu ipi?"
Wambura akajifanya ana kazi chumba cha pili.
Nikarudia yote: mmea ni huu mmoja, ukifa shambani hakuna mwingine, angoje msimu ujao. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema, "Misimu ya kungoja anayo mama yako, mimi sina."
Naandika ofisini, mlango wazi. Yuko kwenye benchi la nje, anangoja basi la kurudi. Chupa iko mapajani, kaifunika kwa kofia yake isipigwe na jua.
Bado sijamwomba anirudishie.