Noti Nne za Grady

Des, nimechoka. Niko ndani ya gari nje ya studio hapa Burbank, hata kuliwasha siwezi.

Si unamjua Grady, mwongozaji wangu? Miezi minne filamu yake ya shujaa anayeruka inaonyeshwa ikiwa na muziki wa kushikizia. Ni wa filamu ya watu wengine, mhariri aliuweka tu picha zisikae kimya. Jamaa kauzoea mpaka kaupenda.

Leo okestra ya watu themanini imepiga wimbo niliomtungia shujaa wake. Noti nne tu, Des! Mtoto angetoka sinemani anaziimba.

Grady akatukatiza: "Hapana, rafiki yangu, hauna ushujaa huo. Utupe. Niandikie kama ule wa kushikizia, ila usiwe ule."

Usiwe ule! Mbele ya wapiga tarumbeta wote!

Nikaenda chooni kunawa uso. Grady huyo kaingia, anapiga mluzi. Noti nne. Zangu. Zote nne, Des.

Nikamwuliza, "Huo wimbo gani?"

"Sijui, kaka, umenigandia kichwani tangu asubuhi. Unaona sasa? Kitu kama hiki ndicho ninachokuomba."

Nimemwambia nitajaribu.