Mgonjwa wa Barazani

Alhamisi, 28 Juni 1962
Nimewadunga wagonjwa sindano zahanatini asubuhi nzima. Mchana wameniletea mlevi mwenye panga mkononi. Nimefanya kama kawaida: sikumgusa, sikupandisha sauti, nimewafukuza waliokuwa wakimcheka. Panga ameliweka chini mwenyewe. Nimemlaza ubavu asisongwe na matapishi. Kazi hii naijua. Siipendi. Pombe sijaionja maishani, na harufu yake inanitia kinyaa.

Jumamosi, 30 Juni
Daktari amekwenda Usumbura, mji mkuu, kwenye sherehe za uhuru. Nimebaki muuguzi peke yangu. Mji wetu wote wa Rumonge unanuka pombe ya ndizi. Nimefua koti langu jeupe.

Jumapili, 1 Julai
Uhuru. Ngoma tangu alfajiri. Bendera ilipopanda nililia kama mtoto.

Saa nane mchana wavuvi wawili wamemleta mwenzao Zakaria, Mubembe kutoka ng'ambo ya ziwa, anayekaa nyuma ya soko. Ananuka pombe, hajitambui. Nimewaonyesha mkeka wa barazani. Alale, itamtoka. Sikuinama. Nilitaka kurudi kwenye ngoma, na nimerudi.

Saa kumi nimemkuta mkewe, Veronika, amepiga magoti pale.

"Muganga, hii si pombe. Bwana yangu akilewa anaimbaka mpaka majirani wanakasirika. Leo iko kimya."

Ndipo nikainama. Nyuma ya sikio, uvimbe kama yai. Mboni moja kubwa, nyingine ndogo. Nimemfinya. Hakushtuka.

Naandika haraka. Lori la mawese limekubali kutupeleka Usumbura.

Jumatatu, 2 Julai
Amekufa jana, njiani, hatujafika hata Muhuta, jua bado halijazama. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Veronika. Dereva alizima injini bila kuambiwa. Tukageuza.

Jumanne, 3 Julai
Mazishi. Wavuvi wale wawili wamenieleza: alianguka kutoka juu ya lori la wacheza ngoma, kichwa kikagonga jiwe. Kwa nini hawakusema? Kwa sababu sikuwauliza.

Daktari amerudi. Nimemwambia yote. Amesema labda asingepona hata kama ningemwona mapema. Labda. Sijala tangu hapo.

Alhamisi, 5 Julai
Walevi wawili. Nimewapapasa vichwa, nimewafunua macho, nimewahoji waliowaleta: ameanguka? amepigwa? amekunywa nini, tangu saa ngapi? Nimewaweka ndani, si barazani. Kila baada ya muda nimewaamsha waniambie majina yao. Mmoja amemtukana mama yangu. Nimefurahi kusikia sauti yake.

Ijumaa, 6 Julai
Msikitini sikuweza kutuliza moyo. Watu wananipa pole kwa safari ile ngumu. Wananiona mwema. Inanichoma. Lazima niende kwa Veronika.

Jumapili, 8 Julai
Nimekwenda. Alikuwa uani, anatoa ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kapuni na kuwaanika juu ya turubai. Nimesema nikiwa nimesimama: nilimwacha mume wako kwa masaa mawili bila kumtazama, kwa sababu ya harufu.

Hakuinua uso.

"Nilijua, muganga. Nilimukuta muchanga iko bado kwenye uso. Hakuna mutu alimupangusa."

Hakusema amenisamehe. Hakunifukuza pia. Nimechutama upande wa pili wa turubai, nimechukua ndagala kiganjani, nimezitandaza kama alivyokuwa akizitandaza yeye. Tumeanika hivyo mpaka kapu likawa tupu.