Trela Langu Lilivyotolewa kwa Kipaza Sauti

Jumapili, asubuhi. Manyunyu tangu alfajiri, si mvua ya kulowesha wala si jua la kuanika nguo. Moyo wangu nao hivyo hivyo.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya trela langu, chini ya turubai nililolishona mwenyewe. Mbele yangu pana bahari, nyuma yangu pana minazi ya mtu. Ni kiwanja cha kupigia hema, kusini kidogo ya Msambweni. Nimechemsha kahawa kwenye jiko lililomo ndani ya droo ya ubavuni. Droo inafunguka vizuri. Turubai halivuji. Godoro halina kasoro. Kila nilichokitaka nimekipata, na nina uchungu mpaka kahawa yenyewe inapoa kikombeni.

Acha nieleze, maana hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kumaliza sentensi bila kukatwa.

Kazi yangu ni kuwaendesha watalii. Miaka yote hii nimewachukua watu kutoka hoteli za Diani nikawapeleka Shimba Hills, nikawasimamishia mahema, nikawatandikia, nikawapikia, nikawaamsha waone jua linavyochomoza. Mimi mwenyewe nililala kwenye kiti cha dereva, miguu juu ya dashibodi. Sijawahi kulala hemani hata siku moja. Nikisema nyumbani kwamba natamani, wananicheka. Mama hunitazama kama mtu mwenye homa. "Mwanangu, kitanda unacho, neti unayo, wataka kulala nje una nini? Watu watasema nimekufukuza."

Nyumbani ni kwa mama, bara kidogo ya Msambweni. Nilirudi hapo baada ya talaka, na sitaacha kushukuru kwamba nilifunguliwa mlango. Ila tangu nirudi, kila ninachonunua huwa cha nyumba. Friji ni la nyumba, limejaa samaki wa biashara ya wifi yangu. Tangi la maji ni la nyumba. Pikipiki niliyoinunua iniwahishe kazini ikawa ya nyumba mpaka ikafa, na aliyeambiwa ailete nyingine ni mimi. Sikugomba. Mwanamke aliyeachwa akigombea friji, jina lake hutembea mbali kuliko miguu yake.

Basi nikasikia kwamba kuna mtu Mariakani ana matrela ya mizigo yaliyostaafu jeshini, aliyanunua mnadani. Nikaenda kutazama tu. Huo ni uongo wa kujidanganya mwenyewe, kwa sababu nilikwenda na pikapu yangu ya kazi, yenye viti vya wageni nyuma, na mnyororo wa kuvutia nikauweka nyuma ya kiti.

Lilikuwa limekaa kwenye nyasi, magurudumu mawili, bodi ya chuma kinene, rangi ya kijani iliyochujuka. Nikaligonga kwa ngumi, nikapenda lilivyolia. Nasema kweli, mume wangu sikumpenda haraka hivyo.

Kazi ikawa kubwa. Trela la jeshi lina pete nene ya chuma kwenye ulimi wake, na pikapu yangu haikuwa na pa kuitia pete hiyo, ikabidi fundi wa kuchomelea pale Ukunda anitengenezee ndoana. Beringi zilikuwa zimekauka grisi. Ile rangi nayo ilibidi itoke kabla ya jambo lolote, maana raia hatembei barabarani na rangi ya jeshi akabaki salama. Niliikwangua mwenyewe siku zangu za mapumziko, nikapaka rangi ya maziwa. Likatiwa vyuma vya kupinda vya kushikia turubai, rafu ya madumu ya maji, droo ya jiko, na mbao za kitanda juu ya bodi. Fundi alilizunguka akacheka. "Dadangu, hili limebeba risasi miaka yote. Leo labeba sufuria."

Na kila aliyeuliza nyumbani nilimjibu neno moja. Hili ni langu. Si la nyumba. Mkilihitaji mtaniomba nami nitawaazima, lakini ni langu. Kaka alilisikia hilo kwa masikio yake mawili, akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Kaka yangu mkubwa, Athumani, ni mtu wa watu. Yumo katika kamati ya msikiti, na kamati inajenga madrasa, na mawe ya kujengea yako mbali. Makaburi ya zamani nayo yamejaa, mapya yako mbali, wanaume hulibeba jeneza mabegani wakifika wamekwisha. Haja ipo, sikatai. Angenijia akaniambia, Mwanaidi, tuazime, ningeliosha kwanza ndipo nimpe.

Hakunijia.

Ijumaa ya wiki iliyopita nilikuwa nimelala chini ya trela natia grisi, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Msikiti uko nyuma ya nyumba yetu, kila kinachosemwa kwenye kipaza sauti twakisikia hata tukiwa chooni. Sala ikaisha, matangazo yakaanza, nikaitambua sauti ya Kaka. Akakohoa kile kikohozi chake cha mbele za watu. "Ndugu Waislamu, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Familia yetu, kwa kutaka thawabu zimfikie marehemu baba yetu, imelitoa lile trela kuwa wakfu wa msikiti."

Watu wakapiga takbira. Mimi nikapiga kichwa kwenye ekseli.

Kwa asiyejua, kitu kikishakuwa wakfu hakirudi. Hakiuzwi, hakirithiwi, hakiombwi tena. Ni cha Mwenyezi Mungu. Kutoa ni moyo, ndiyo, lakini moyo ulikuwa wake na trela langu. Tena akamtia baba katikati, baba aliye kaburini, ili nikifungua mdomo nionekane ninamnyima baba thawabu.

Kabla sijanawa mikono wanawake wakawa wameshafika uani, na kanga zao kichwani, nyuso zimewanawiri. "Mwanaidi, Mwenyezi Mungu akulipe. Akujaalie pepo. Amrehemu mzee."

Nami nikasema, "Amin."

Ndivyo tulivyolelewa huku. Mtu akikuombea dua unaitikia, hata kama nyumba inaungua. Kila aliyeingia aliniombea, na kila aliyeniombea nilimwitikia, na ilipofika Alasiri nilikuwa nimeshalitoa trela kwa kinywa changu mara nyingi kuliko Kaka. Nilijichukia kwa adabu yangu. Nikajiuliza, hivi ningeambiwa, Mwanaidi, Mungu akupokee, tunakuzika leo, ningeitikia pia?

Jumatano nikashindwa kuvumilia, nikaenda kwa shehe wetu. Ni mtu mpole asiyependa maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatuma mtu amwite Kaka. Tukakaa watatu kwenye mkeka wa sebuleni kwake, mkewe akatuletea maji ya kunywa akaondoka.

"Athumani," shehe akauliza, "trela lile ni la nani?"

"La familia, shehe. Sisi kwetu hatugawanyi vitu."

"Nani aliyelinunua?"

Kaka akautazama mkeka. "Yeye."

"Wakfu hutolewa na mwenye mali. Mwanangu Mwanaidi, wewe uliridhia?"

"Shehe, niliitikia Amin. Kila aliyeniombea nilimwitikia."

"Kuitikia dua si kutoa mali. Nakuuliza roho yako. Uliridhia?"

Nilimtazama Kaka. Ndiye aliyekuja kunichukua siku niliyoachwa, akapakia sanduku langu mwenyewe wala hakuniuliza kosa lilikuwa la nani. Sikuwahi kumsahaulia hilo. Alikuwa ananitazama sasa kwa macho ya kuniomba, mtu ambaye hajawahi kuniomba kitu. Neno moja dogo lingemsitiri. Nikisema ndiyo, nitakaa kwa amani nyumbani kwa mama mpaka nizeeke, na sitakuwa na kitu changu duniani isipokuwa sanda.

"Sikuridhia, shehe."

Shehe akavuta pumzi. "Basi hapana wakfu hapo. Athumani, wewe ndiye uliyewatangazia watu, wewe ndiye utakayewaambia."

Nilidhani yamekwisha. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikashona pembe ya mwisho ya turubai huku naimba.

Ijumaa, yaani juzi, Kaka akasimama tena. Hakukohoa safari hii. "Lile trela tulilolitangaza limerudi kwa mwenyewe. Dada yangu analihitaji. Anakwenda kulalia ufukweni."

Basi. Hakuongeza neno. Hakusema uongo hata chembe, wala shehe hakuwa na la kumrudi. Watoto hawana madrasa, maiti wanabebwa mabegani, na Mwanaidi anakwenda kulalia ufukweni. Nilisikia mtu akicheka, kisha akajikohoza. Ningependelea anitukane. Tusi ningelijibu.

Tangu hapo uani kwetu hakuna aliyekuja. Wifi alitoa samaki wake kwenye friji, wote, akawapeleka kwa jirani, friji likabaki tupu linanguruma. Mama alinipakulia chakula bila kuniangalia. Kitanda cha trela nilikipima cha watu wawili, kwa sababu nilikuwa na tamaa kwamba siku moja atalegea aje naye, alale akisikia mawimbi badala ya kipaza sauti. Nilimwambia, "Mama, twende wote kesho." Akajibu, "Mimi nina kwangu."

Nikaja peke yangu, jana.

Mlinzi wa kiwanja ni mtu wa makamo kutoka bara. Aliponiona na sare yangu ya kazi, maana nilitoka kuwashusha wageni Diani ndipo nikalifunga trela, alinifungulia lango kwa furaha. "Karibu madam. Wageni wako wanakam saa ngapi?"

"Mgeni ni mimi."

"Wewe pekee?"

"Mimi pekee."

Akafikiri. "Ni sawa tu. Lakini madereva hupaki kule nyuma, karibu na choo."

Nililipeleka trela mbele kabisa, mpaka mchanga ulipoanza kunikataa. Hakunifuata. Nikafungua turubai, nikatandika, nikapika wali na pweza, chakula cha mtu mmoja, nikajiambia nimefurahi. Nilijiambia kwa sauti. Mtu aliyefurahi hajiambii.

Asubuhi hii, ndiyo kwanza namimina kahawa, simu ikalia. Mama.

"Mwanaidi, Mzee Juma amefariki."

Mzee Juma ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Aliuza mafuta ya taa mpaka watu wakaacha kuyanunua, na bado alikuwa akikaa pale kibarazani na faneli yake, pengine atatokea mtu. Alinijua tangu sijajua kutembea.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Anazikwa lini?"

"Baada ya Adhuhuri."

"Nafunga vitu sasa hivi. Mwambie Kaka naja na trela. Jeneza litapanda, na wazee watapanda."

Sikufikiri. Sikupima wala sikujishauri, lilinitoka tu, kama ningesema naja na sukari. Nikamsikia mama akigeuka anamwambia. Kisha nikaisikia sauti ya Kaka, ya karibu kabisa, yuko hapo hapo jikoni kwetu. "Mwambie asisumbuke. Tumeshapata mkokoteni wa maji."

Mama akarudi kwenye simu. "Anasema usisumbuke."

"Nimemsikia, mama."

"Haya."

Mkokoteni wa maji. Ule wa kuzungushia madumu, gurudumu moja limepinda, kwenye njia ile ya mchanga, na manyunyu haya. Mzee Juma atakwenda kuzikwa anayumba hivyo, kwa sababu mimi na kaka yangu kila mmoja ana kiburi cha kumtosha.

Lakini hapana, sitajibebesha na hili. Mimi nimelitoa. Leo nimelitoa kwa moyo wangu mwenyewe, bila kipaza sauti, na limekataliwa. Nilichotaka siku zote hizi ni kuombwa tu. Ningeombwa, ningelitoa hata kila juma, na watu wangesema ni trela la Mwanaidi, ametuazima. Sasa halitaombwa tena. Nimeshinda kwa shehe, nikapata trela langu zima na pete yake, na wameniachia kweli kweli.

Nimelikunja turubai nusu kisha nikalikunjua tena. La nini? Nimelifungua trela kwenye pikapu, nimetia mawe kwenye magurudumu, nimemwambia mlinzi aliangalie. Amesema sawa madam, bila neno la kupaki nyuma. Nimevaa buibui. Nakwenda msibani na gari tupu, kama watu wengine wanavyokwenda.

Wanaume watausukuma mkokoteni, na kila atakayetweta atanitaja. Mimi nitapita kwa wanawake. Nitavua viatu mlangoni, nitatoa salamu, nao wataiitikia, maana salamu ni faradhi kuijibu. Nitasimama pale na mkoba wangu mkononi.

Halafu nani atanisogezea nafasi mkekani?