Nguruwe Mwenye Jina la Mume Wangu

Jumanne usiku

Leo nimefanya kioja. Dada wa ofisi ya kilimo aliomba picha ya Baba Neema kwa usajili wa mbolea, nami palepale mbele yake, kwa haraka, nikamrushia kwa simu ya nguruwe wetu. Kompyuta yao haina macho: picha ikiingia tu, inapewa jina la mkulima aliyeandikishwa. Nguruwe akapata jina lote la mume wangu, mpaka la ukoo!

"Mama, kesho wahi na picha ya baba, kabla kitambulisho chake cha mkulima hakijatoka," dada akasema, huku anafuta machozi ya kucheka.

Nisipowahi, mbolea hatupati, na mahindi yameshaanza kuwa ya njano.

Nimemwonyesha Baba Neema picha hiyo. Akaitazama weee.

"Mama Neema, hapa nimependeza. Acha hiyohiyo."

Nikamfokea kwa jina lake lote. Kule bandani, nguruwe akaitika.