Nailoni Niliyonunua kwa Ondieki

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rodah Chepkosgei (Mama Kipkemoi)
Umri: miaka 43
Kazi: mkulima wa chai na mboga
Makao: Kapcheluch, karibu na Sotik
Elimu: darasa la tatu
Tarehe: 29 Machi 1995, saa nne asubuhi

Nimekuja mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Nilisikia Arasa anamtafuta ndugu yake Ondieki, na bibi ya Ondieki, na mtoto wao Nyabate.

Mnamo Jumanne tarehe 14 mwezi huu, kama saa tisa mchana, nilifika duka la Ondieki, soko la Chepilat. Mvua ya mawe ilikuwa imekata nyanya zangu mara mbili, nikataka kujenga nyumba ya nailoni kwa shamba la mboga pale nyumbani. Fito nilikuwa nimeshapinda. Nikashika nailoni nyeusi. Ondieki akasema, "Mama, hiyo inazuia jua, nyanya itakaa kama iko jela. Chukua hii nyeupe ya miche ya chai. Na usijenge fupi, mzee akikutafuta akupate umesimama." Tulicheka, hata bibi yake. Mimi nilikuwa nimebeba Nyabate. Alikuwa na kikohozi.

Nilichukua nyeupe, ile nene, mita kumi na mbili, nikalipa. Kuikunjua, imepasuka urefu wa kiganja. Alitaka kukata. Nikamwambia usikate, itapungua, wacha ikae hapa, nitarudi kesho na gundi.

Ondieki aliweka mkasi chini. Akauliza, "Ya nani?"

Nikasema, "Ya kijana yangu, Kipkemoi."

"Ni kali?"

"Kali sana. Ikishika haiachi."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla jua iwake."

Bibi yake akaja akachukua mtoto kwa mikono yangu. Nilifikiri anataka kumnyonyesha.

Kesho yake saa mbili na nusu nilifika na mkebe wa gundi, ile ya kubandika tyubu ya baiskeli. Duka limefungwa. Huko nyuma mlango wa nyumba uko wazi, uji kwa sufuria bado una joto. Nailoni yangu wameiacha mlangoni, imekunjwa vizuri.

Niliuliza Adoyo, mama anayeuza omena hapo kando. Aliangalia nyuma yangu barabarani, akaniuliza, "Kundi lako liko wapi?" Nikamwonyesha mkebe, nikasema ndiyo hii. Akasoma maandishi, akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Mama, Ondieki aliniambia kuna Mkipsigis anakuja na kundi la watu." Nyumba yao ya kwanza ilichomwa wakati wa vita vya kabila letu na lao.

Sisi Wakipsigis, kwa ulimi wetu G na K ni kitu moja. Sikujua natisha mtu.

Nailoni sijaifungua mpaka leo. Mvua ikianza nasikia kile kifua cha mtoto. Walipita wapi na yeye, na umande ule wa majani chai.

Naomba mkimpata Ondieki, msimwambie kwamba mimi namtafuta. Atakimbia tena. Aambiwe tu ilikuwa ya kubandika. Na asiambiwe na mtu wa kwetu. Aambiwe na mtu anayeweza kutamka.

Niliyoyaona na niliyoyasema ni hayo, nimesomewa na nimekubali.

Alama ya kidole gumba: R. Chepkosgei

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi kwa Kiswahili. Neno "gundi" nimeliandika hivyo baada ya kuonyeshwa mkebe. Kila alipolitamka nilisikia "kundi". Familia haijaonekana. Ujumbe wake nitampelekea Arasa mimi mwenyewe.
Konstebo Bogonko