Madoa ya Maji Kwenye Gari la Baba

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nyumbani sina wa kumweleza. Mimi ni msichana, mwanafunzi wa sekondari, na baba yangu ni dereva wa gari la maharusi, gari jeusi analolipenda hadi mama analiita mke mwenza. Kila akimaliza kuliosha aliinama juu ya boneti na kuniambia, "Ukiyaona meno yako hapa, ujue kazi imekwisha." Alipolazwa miezi mitatu iliyopita aliniachia kazi hiyo, nami sikukosa hata wiki moja, nililiosha nikitoka shule, jua likiwa kali, kwa maji ya kisima chetu yenye chumvi, na kwa kuwa baba alinionya kwamba kitambaa kilichoanguka chini hukwaruza rangi, niliogopa vitambaa vyote, nikawa naliacha likauke lenyewe.

Sasa boneti nzima na paa vimejaa madoa meupe ya duara, na sabuni haiyatoi. Shangazi alipoliona alicheka, "We mtoto, gari limeota mba?" nami nikaona aibu, nikachukua waya wa kusugulia masufuria nikausugua mlango wa abiria, na pale sasa pana mikwaruzo ya upana wa kiganja ambayo nimeifunika kwa turubai.

Madaktari wamemwambia mama amrudishe baba nyumbani Jumamosi, hawana dawa nyingine ya kumpa. Yeye ameomba aje kwa gari lake, shangazi akiendesha. Jana alinipigia simu, sauti kama ya mtu aliye chumba cha pili, akauliza, "Dereva Mdogo, meno yanaonekana?" Nikamjibu, "Yote, baba." Bado natumaini yanaweza kuonekana. Nifanyeje?

Dereva Mdogo

Binti yangu,

Pole sana. Umeosha gari miezi mitatu bila kusukumwa, na wengi wa umri wako hawaoshi hata kikombe walichonywea. Lakini waya wa masufuria kwenye rangi ya gari! Usiiguse tena mikwaruzo hiyo. Ni kazi ya fundi rangi.

Madoa ni chumvi iliyobaki maji yalipokauka. Shangazi alisogeze gari kivulini, msubiri bati lipoe, kisha ulioshe kwa sabuni. Changanya siki nyeupe na maji ya mvua, kiasi sawa, lowesha kitambaa laini, ujaribu kwanza sehemu ndogo chini ya mlango. Kilaze juu ya madoa dakika moja tu, futa bila kukandamiza, suuza kwa maji mengi, ukaushe papo hapo kwa kitambaa kingine. Kikianguka, chukua kingine. Hicho ndicho baba yako alichokufundisha, si kuvikimbia vitambaa.

Mengi yatatoka, si yote. Yaliyokwisha kula rangi yatabaki, na baba yako atayaona kabla hajashika mlango. Kwa hiyo mpigie simu leo, usingoje Ijumaa. Mwambie yote, na habari ya waya pia. Akifoka, mwache afoke. Utakuwa umeisikia sauti yake ya zamani.

Na Jumamosi akifika, msimkimbize kitandani. Mwekee kiti kivulini kando ya boneti, umpe kitambaa kikavu, afute pale mkono wake unapofika. Kwingine futa wewe.