Kuingia Uhandisi kwa Nusu Bei

Jumamosi, manyunyu tangu alfajiri. Milima imejifunika mawingu mpaka chini na sina hamu ya kuiona. Nimeoga mara mbili leo, na bado najisikia kinyaa.

Niandike ilivyokuwa kabla sijaanza kujitetea.

Mimi ni fundi sanifu wa umwagiliaji. Nina diploma, na huu ni mwaka wa nne nafanya kazi kwenye mashamba ya mpunga ya Dakawa: kupima maji, kukagua mifereji, kufungua na kufunga malango. Mhandisi huja mara moja kwa mwezi, anasaini nilichopima mimi. Si mtu mbaya. Ila kila anaposaini najiambia, kazi hii naiweza, kinachonikosesha ni shahada.

Shahada ya uhandisi ni miaka minne. Mshahara wangu hauwezi miaka minne. Kwa hiyo nilikuwa natafuta chuo kitakachohesabu masomo niliyokwisha kuyasoma kwenye diploma, nisianze upya kana kwamba sijawahi kukaa darasani. Katika kutafuta huko ndipo nikaelekezwa kwa Mwalimu Tito.

Wanamwita mwalimu, ingawa sijakutana na mtu aliyefundishwa naye. Ana chumba nyuma ya duka la vifaa vya ofisi karibu na soko, anawaombea watu nafasi za vyuo. Aliangalia matokeo yangu, akalamba kidole, akafunua ukurasa wa pili, akasema, "Mdogo wangu, wewe ni mtu wa kuingia mwaka wa pili moja kwa moja. Nani kakwambia uanze wa kwanza?"

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo miaka minne. Nikampa vyeti vyangu halisi avipige picha kwenye mashine yake.

Ada yake ilikuwa kubwa. Nikamwambia siwezi. Akatabasamu na kijiti cha kuchokolea meno mdomoni. "Niletee mwenzako mmoja. Wewe nitakukatia nusu."

Nikampelekea Zainabu.

Zainabu tunafanya kazi pamoja, yeye ndiye anayeandika zamu za maji za wakulima. Ni dada yangu kwa umri, ana watoto wawili, na tulisoma chuo kimoja, yeye akiwa mbele yangu. Matokeo yake hayafiki kiwango ambacho vyuo vikuu vinapokea. Tito aliyatazama muda mrefu, kisha akasema, "Haya tunayarekebisha." Zainabu akanigeukia mimi. Alitaka kujua kama mtu huyu ni wa kuaminika.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Sikuuliza kurekebisha ni kufanya nini. Nilijua. Ndiyo maana sikuuliza.

Zainabu aliuza mpunga aliowawekea watoto kwa ajili ya miezi ya njaa. Mimi nililipa nusu yangu kwa hela ya mdalasini aliouuza mama kijijini Kinole. Mama akawa anapiga simu kila Ijumaa baada ya swala. "Mwanangu, hicho chuo wamekubali?" Nami namjibu, "Bado kidogo, mama."

Jumatano nilikwenda kuchukua barua aliyoniahidi, ya kuingia mwaka wa pili. Tito alikuwa anachapa karatasi. Simu yake ikaita, akatoka nje kuongea, printa ikaendelea kutema. Nikaichukua karatasi ya juu nikidhani ni yangu.

Ilikuwa yangu na haikuwa yangu. Masomo yangu yote, kwa mpangilio ule ule. B yangu ya haidroliki. Hata ile C ya upimaji ardhi niliyoipata muhula aliofariki baba. Jina lililoandikwa juu lilikuwa la mwanamume nisiyemjua.

Karatasi ya pili ilikuwa na alama zile zile. Jina juu: Zainabu.

Yaani hata msiba wangu alikuwa anawauzia watu.

Tito aliporudi akanikuta nazo mkononi. Nilitegemea ashtuke. Alivuta kiti akakaa. "Matokeo yako mazuri, mdogo wangu. Yanasaidia watu." Akaanza kuchokonoa jino, akinitazama kwa upole, kama mtu aliyenipa sifa. Mezani kwake kulikuwa na sahani ya chipsi zilizopoa, na vidole vilivyozishika ndivyo vilivyokuwa vimeshika vyeti vyangu.

Nilitoka na karatasi zote mbili. Nikatema mate kwenye mtaro, nikatema tena, ladha haikutoka.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikaenda chuo kikuu, ofisi ya udahili. Nilimkuta mama mmoja wa makamo. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kama kuna barua ya kulipia kwa watu wa mtaani inayoweza kumwingiza mtu wa diploma mwaka wa pili wa uhandisi.

Alivua miwani. "Hakuna barua ya namna hiyo, mwanangu. Unaomba mwenyewe kwenye mtandao, kwa matokeo yako. Ukishapata nafasi, unapeleka idarani matokeo na mtaala wa diploma uliyosoma. Wao ndio wanaoamua somo gani lihesabiwe. Wanaweza kukubali manne, wanaweza wasikubali hata moja. Hapo katikati hakuna wa kumlipa."

Nikamwonyesha matokeo yangu. Akayasoma taratibu.

"Haya yanatosha kuomba. Na mkopo wa serikali unaruhusiwa kuomba kama wenzako. Sasa kwa hao watu ulikuwa unatafuta nini?"

Nikayakunja matokeo yangu, nikamshukuru, nikatoka. Jibu ninalo leo: niliogopa kuingia ofisi ile nikaambiwa hapana na mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana. Nikaona bora nilipe mtu aniambie ndiyo.

Jana nilimkuta Zainabu kwenye lango la mfereji mkuu, anazungusha gurudumu kupunguza maji. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, nikampa karatasi yenye jina lake. Aliisoma mpaka chini.

"Hizi ni alama zako."

"Ndiyo, dada."

"Na wewe alikupunguzia kiasi gani kwa kunileta?"

"Nusu."

Akamalizia kufunga lango. Hakuwa na haraka. Kisha akasema, "Kwa hiyo hiyo nusu ndiyo mimi."

Afadhali angenipiga.

Mchana tulikwenda wote kwa Tito. Zainabu aliongea kwa sauti ndogo, lakini alisimama mlangoni, na wateja wakaanza kukusanyika nyuma yake. Tito akarudisha sehemu tu, nyingine akasema imeliwa na usumbufu. Yangu nilimwambia ampe Zainabu, na alichokitoa kilikwenda chote kwenye mkoba wake. Hakifikii thamani ya mpunga ule. Kinachobaki nitamlipa mimi. Nilipomtaka Tito afute vyeti vyangu kwenye mashine yake mbele yetu, alicheka. "Kwani vimepungua?"

Nje Zainabu aliichana ile karatasi vipande vidogo vidogo. Nikamwambia nataka kwenda kutoa taarifa chuo tulichosoma, kwa sababu matokeo yangu yanatembea na majina ya watu. Alinijibu bila kunitazama.

"Nenda. Mimi usinitaje. Jitaje wewe."

Akaondoka peke yake. Sikumfuata.

Najua kinachoweza kunipata. Wanaweza kuyashikilia matokeo yangu wakichunguza, na dirisha la maombi likafungwa nikiwa nasubiri. Wanaweza kuuliza vyeti vyangu vilifikaje kwa mtu yule, na jibu halinipendezi. Mama atapiga tena, na safari hii nitamwambia ukweli, kwamba mdalasini wake ulikwenda kwa tapeli na mimi ndiye niliyeupeleka.

Barua ya taarifa kwa chuo nimeimaliza mchana huu. Sentensi ya kwanza ilinichukua karibu saa nzima. Nilianza na "Nimetapeliwa," nikafuta. Nikaandika, "Nilimpa mtu vyeti vyangu ili aniingize chuo kwa njia isiyo halali." Hiyo nimeiacha. Jumatatu ofisi ikifunguliwa nitaipeleka kwa mkono wangu, na karatasi ya yule mwanamume nikiwa nayo. Maombi ya chuo nitayajaza mwenyewe, yapite yasipite.

Lipo swali moja ninalolizunguka tangu Jumatano. Kama karatasi ya pili isingekuwa na jina la Zainabu, kama yote mawili yangekuwa majina ya watu nisiowajua, ningezirudisha mezani nikasubiri barua yangu ya mwaka wa pili?

Nadhani ningesubiri.